Foni ya Pikipiki Yenye Nilivalisha Nguo

Rafiki yangu, weye mwenye naweza kukuachia ufunguo ya nyumba na sihesabu vijiko wakati narudi, ikaa chini. Tangu tumerudi safari ya Buleusa, watu wananisimamisha ku mulango ya kanisa: “Mama Masika, ni kweli Masisi yote ilisikia rozari yako?” Wengine wanacheka mbele nijibu. Bon. Naandika yote mara moja, na kalamu yangu ya masomo ya mangaribi, na mwalimu akikuta makosa anisamehe.

Mambo ya makaratasi ya safari naruka. Lakini hii moja lazima uijue mbele. Mutoto yangu Masika aliolewaka Buleusa, mu Walikale, na familia ya watu yetu wenye walihamia kule zamani. Mimba yake ya kwanza ilikuwa kijana. Alizaliwa bila kulia. Siku zile vita ilikuwa imefunga barabara, na mimi nilikuwa Sake na sakoshi yangu imefungwa, nikilala na viatu karibu ya kitanda. Walimuzika bila mi kumuona. Unajua kwetu watu ya Butembo jina inafuata hesabu: kijana ya kwanza ni Mumbere, ya pili ni Kambale, kila muntu anajua nafasi yake. Sasa mama-mukwe ya Masika akasema: “Ule hakulia, asihesabiwe. Mwenye atakuja, njo atakuwa Mumbere.” Masika aliniandikia barua, herufi zote zimelowa machozi.

Wakati nilisikia iko na mimba tena, nikaapa mbele ya Bikira Maria: mara hii nitakuwa pale.

Sake: kazi ya fundi na kazi yangu

Bwana yangu, Papa Masika, kazi yake ni kutangulia. Kamyo, malori ya wachuuzi ya Butembo, zinapanda na chumvi na sabuni, zinarudi na maharagi. Yeye anaenda mbele na pikipiki, anaangalia wapi matope imekula barabara na wapi kuko bariere mupya ya watu ya bunduki. Zamani alikuwa anaenda, anaona, anarudi kuelezea, anaenda tena. Safari moja alikuwa anaifanya mara tatu. Reseau ya telefone kule haiko. Njo maana akatafuta foni ya kufunga ku pikipiki, redio ya kusemezana na mashofere bila reseau, pamoja na kaske mbili, kofia ngumu za pikipiki, zenye ekuteri za masikio na mikro ndani, ili yeye na muntu wa nyuma wasipigane tena kelele na upepo.

Pikipiki yenyewe ni ile mukubwa mwenye muzungu moja mwenye kuzunguka dunia aliachaka Goma. Kiti yake ni kama kitanda. Pembeni kuko masanduku mbili ya chuma. Fundi Bahati, mwenye anatengenezaka foni za wachuuzi, alikuja mu lupango yetu, uwanja ya nyumba, na siku nzima alipitisha waya chini ya kiti. Foni yenyewe aliifunga juu ya sanduku moja, pale mwenye kukaa nyuma anaiona na anaigusa. Antene aliifunga nyuma, murefu kama fimbo ya muchungaji ya ngombe. Kisha akaniita.

“Mama, hii butoni iko ya mukono yako, juu Papa anashika usukani. Unabonyeza, unasema na kamyo. Unaachilia, unasema na bwana yako tu.”

“Mukono gani?” nikamuuliza. “Ya kushoto inashika bwana. Ya kuume inashika shapule, punje zangu za rozari.”

“Unaombaka njia yote?”

“Ulikuwa unafikiri pikipiki njo inatufikishaka?”

Papa Masika alikuwa anakunywa chai. Akasema: “Bahati, usibishane naye. Mi niko naye miaka makumi mbili na tano.”

Bahati akajikuna kichwa, akafungua sanduku ya foni tena. “Basi naiweka ifunguke na sauti. Ukisema, inafunguka yenyewe. Lakini angalia hii taa nyekundu, Mama. Ikiwaka, maneno yako iko inaenda ku kamyo. Ukimaliza, rudisha hii kidole ya chuma, swichi yake, chini, itabaki yenu wawili.”

Nilisikia vizuri. Ata mu kaye yangu ya masomo nikaandika: taa nyekundu, watu wanasikia. Bahati akapokea sahani yake ya bugali, akaenda zake.

Sasa, dada, nani kati yetu anaachaka redio uchi mu salon? Nilikuwa nimeshona kitambaa ya krosheti, nyeupe na pembeni bleu, rangi ya Bikira Maria. Nikaivalisha ile foni, na vumbi ya barabara vile iko. Ilikaa muzuri sana, imebana kila pembe kama soksi ya mutoto. Papa Masika akasema: “Sasa iko na heshima.”

Ilifunika taa. Ilifunika na kidole ya chuma. Na mbele ya kuivalisha, tulikuwa tumejaribu na kamyo, “allo, allo”, kidole ikabaki juu.

Sake mupaka Ngungu: maharagi na kipande ya sabuni

Tulitoka asubui kuelekea Buleusa kwa Masika, kamyo mbili nyuma yetu. Ile ya mbele ilikuwa ya Kakule, kijana ya miaka makumi tatu hivi, mwenye kunyamaza, mwenye kofia ya sufu ata mu jua.

Rafiki, sikudanganyi, njia ile ilikuwa tamu. Ku nyumba mi na Papa Masika hatusemezanaka, juu kuko watoto, kuko jirani, kuko sufuria. Ndani ya kaske, sauti yake ilikuwa mu sikio yangu kama wakati alikuwa ananichumbia. Nilianza na rozari, mafungu yote tano, kila fungu Salamu Maria kumi. Kisha tukazungumuza. Nikamuambia wapi tutalala, nani atatupokea, kamyo zinabeba mifuko ngapi ya chumvi. Nikamuambia mambo ya soksi zake, mambo yenye sitaandika hapa, ata kama watu mingi sasa wanaijua. Na wakati tulisimama juu ya mulima kungojea kamyo, nikasema:

“Huyu Kakule naye! Anaendesha kama muntu mwenye anabeba mayai ya mama-mukwe.”

Papa Masika akacheka mupaka pikipiki ikayumba.

Mara na mara sauti ya shofere ilikuwa inaingia: “Papa Masika, mbele iko namna gani?” Bwana anajibu, shofere anasema asante. Mi nilikuwa nafikiri foni inajua yenyewe wakati ya kufunguka na kufungika, sawa muboyi wa kazi ya nyumba mwenye adabu.

Ngungu matope ilitukamata mara mbili. Watu wenye walikuwa wanatoka mu mashamba wakaweka majembe chini, wakasukuma, wakaimba, wakapata matope mupaka mu meno. Maharagi yenye tulikuja kubeba haikukuwa imekauka, mvua ilikuwa imeinyeshea, donc tukalala siku mbili. Mama mwenye alitupokea alitupatia viazi yenye kupasuka yenyewe, maharagi ya majani, na maziwa ya kuganda mu kikombe mukubwa ya mabati. Nilikula mupaka nikaona haya.

Lakini mashofere walinishangaza. Shofere ya kamyo ya pili akanisalimia: “Salamu, Mama Salamu!” na akageuka kucheka. Kisha akamupatia Papa Masika kipande muzima ya sabuni.

“Ya nini?” bwana akauliza.

“Ya kukusaidia tu, Papa. Safari iko ndefu.”

Papa Masika akaja kwangu na ile sabuni mu mukono. “Nanuka?”

“Hapana,” nikasema. “Labda ni desturi ya hapa.”

Na Kakule hakunisalimia kabisa. Nilimuona amekaa peke yake ku miguu ya kamyo, kofia imeshuka mupaka macho. Nikasema huyu mutoto iko na malaria. Nikamupikia chai ya ndimu na tangawizi, nikamutumia. Alikunywa yote, akarudisha kikombe bila neno. Nikamuombea fungu moja.

Bariere mbele ya Kingi

Siku ya tatu tukapanda kuelekea Kingi. Mu kona moja, kamba imekata barabara, na watu na bunduki. Walikuwa nani, usiniulize. Mu vita hii majina inabadilika mbele ya nguo kukauka. Vile waliona antene, mumoja akapiga mukono ku sanduku.

“Shuka! Foni ya nini? Munapelekea nani habari?”

“Ni ya kazi,” Papa Masika akasema. “Kamyo ziko nyuma.”

“Ni ya wapelelezi. Vua kaske. Na weye mama, shuka!”

Sikuogopa kufa sana, naeleza ukweli. Niliogopa kamba. Nikaona sakoshi yangu ya Sake tena, na viatu karibu ya kitanda. Mbele ya kushuka, kaske bado ku kichwa, nikashika shapule, nikaanza kwa sauti, juu sauti njo kitu yangu ya mwisho: “Salamu Maria...”

Mu nyumba ya majani pembeni ya barabara, sauti yangu ikatoka. Sauti yangu mimi! Nikanyamaza, ikanyamaza. Papa Masika akaniangalia. Mulango ikafunguka, akatoka mukubwa yao, muntu wa miaka makumi ine na kitu, na foni ndogo mu mukono.

“Njo weye?” akasema. “Mama ya rozari?”

Nikaitika na kichwa.

“Tangu ile siku munatoka Sake niko nakusikia. Mukipanda juu ya mulima, munasikika kama muko mu chumba yangu. Iko wapi Kakule mwenye anabeba mayai?”

Askari wakapasuka kucheka. Mumoja wao akauliza: “Na soksi, Papa? Ulifua?”

Kumbe. Nikaona kila kitu mara moja, kama mulango mwenye umesukumwa na upepo: sabuni, Mama Salamu, ukimya ya Kakule. Nikageukia foni, nikatoa ile kitambaa. Taa nyekundu ilikuwa inaniangalia kama jicho ya mwalimu. Nikashusha kidole ya chuma. Taa ikazimika.

“Kwa nini hamukuniambia?” Nilimuuliza ule mukubwa kama yeye njo alikuwa na makosa.

“Nani anakataka rozari katikati?” Kisha sura yake ikabadilika, akasema polepole, kwa sisi wawili tu. “Mama, si mimi tu niko na masikio. Ulisema wapi mutalala. Ulisema mifuko ngapi. Mu hii milima kuko wengine wenye hawaombi. Uombe, lakini usitaje njia.”

Papa Masika akavua kaske na kofia yenye iko chini yake, akaitika na kichwa.

“Tunaweza kupita?” nikauliza. “Mutoto yangu iko karibu kuzaa Buleusa.”

“Najua. Ulimuambia Mungu mara makumi.” Akaangalia mukono yangu. “Niachie hii kitambaa. Mama yangu iko na redio. Miaka mine sijamuona. Iko mugonjwa.”

Nikamuachia. Na mbele ya kupanda pikipiki tukaomba Salamu moja ya mama yake, yeye na askari yake wamesimama, taa imezimika. Wakaangusha kamba.

Kingi: mayai tano

Tukaendelea na njia. Ndani ya kaske kulikuwa kimya kama ku nyumba ya watu wenye wamegombana. Kisha nikasikia kitu, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

“Miaka makumi mbili na tano,” akasema, “mi tu njo nilikuwa nasikia mambo ya soksi. Sasa niko na ndugu.”

Ku soko ya Kingi nilitafuta mayai. Nikachemsha tano kwa mama mwenye kuuza chai, nikaweka mu sahani na chumvi pembeni, nikapanda ku mulango ya kamyo ya Kakule. Kupanda kamyo na kikwembe imefungwa kiunoni, na sahani mu mukono, jaribu siku moja utaniambia.

“Kakule mutoto yangu.”

“Mama.”

“Nilikusema mubaya, na watu walisikia. Nisamehe. Na kama hawangesikia, bado ilikuwa mubaya.”

Akaangalia mayai. Akaangalia barabara. Akasema: “Mi nilipindukaka na kamyo miaka tatu nyuma. Kulikuwa na watu juu ya mizigo. Njo tangu siku ile naenda vile.”

Dada, ningependa ardhi inimeze na sahani yangu. Sikujua. Nilikuwa nimecheka kidonda ya muntu.

Kakule akachukua yai moja, akaivunja ku usukani, akaitoa ganda polepole sana, kipande kwa kipande, akinitazama. Mwishoni akasema: “Unaona? Imefika muzima.” Na akacheka, mara ya kwanza nilimuona meno.

Pale pale foni yake ikaita. Ilikuwa shofere mumoja mwenye alikuwa juu ya mulima mbali, anapitisha neno yenye naye alipitishiwa. Neno ilitoka kwa Papa Muhindo, muchuuzi ya Butembo mwenye kamyo yake ilikuwa Buleusa tangu juma moja. Yeye alipitiaka upande ya Kanyabayonga. Neno ilikuwa hii: Masika ameingia maternite, nyumba ya kuzalia, uchungu umeanza kidogo kidogo, infirmiere mwenye kuuguza anasema labda kesho. Anauliza mama yake iko wapi.

“Jibu nini, Mama?” Kakule akauliza.

Nikakumbuka maneno ya mukubwa ya bariere. “Sema niko njiani. Usiseme njia gani.”

Mu pori ya Walikale: mbao ya Kakule

Asubui tulitoka mbele ya jua. Milima ya majani ikaisha, pori ikaanza, miti inafunga juu kama paa, na harufu ya mawese mu kila kijiji. Tulisimama mara moja tu, mama moja akatupatia sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na bugali ya muhogo mu majani ya ndizi, akakataa tukae: “Mukule huku munaenda. Mutoto hangojeaka sahani.”

Foni ilikuwa uchi sasa. Niliangalia taa yake kama naangalia maziwa ku moto. Kidole chini, nasema na bwana yangu. Kidole juu, naomba tu, bila jina ya kijiji, bila jina ya muto. Na nyuma ya kila Salamu, mashofere wakajibu nusu ya pili, sauti zao za tumbaku, kamyo mbili. Mumoja alikuwa anajibu haraka sana, nikamuambia: “Baba, usikimbie, Bikira Maria hayuko ku bariere.”

Saa ine hivi tukafika ku muto moja yenye daraja ya miti tatu. Muti moja ilikuwa imevunjika, imening’inia mu maji. Pikipiki yetu na uzito yake haingeweza. Papa Masika akaangalia, akavua viatu, akaingia mu maji mupaka kifua, akarudi. “Nguvu ya maji iko mingi.”

Kakule akafika na kamyo. Akashuka, akatembea juu ya daraja peke yake, akipiga kila muti na kisigino, akisikiliza. Akarudi, akashusha zile mbao zenye shofere anabebaka za kuweka chini ya matairi mu matope. Akaanza kuzipanga juu ya miti. Moja. Anaifunga na kamba. Anapanda juu, anaruka kidogo. Anaifungua, anaisogeza, anaifunga tena.

Rafiki, nilikuwa nataka kulia. Kila mbao ilikuwa kama rozari nzima. Shofere wa pili akaita: “Kakule, haraka, mama anangoja mujukuu!” Kakule akasimama na kamba mu meno, akanitazama. Alikuwa anangoja mi niseme.

Nikasema: “Polepole, mutoto yangu. Leo ubebe mayai.”

Akaitika na kichwa, akarudi ku kazi. Jua ilikuwa imepita katikati wakati alimaliza. Pikipiki ikapita, watu wane wanashika, na mbao hazikulia ata kidogo.

“Kamyo haiwezi kupita hapa leo,” Kakule akasema. “Mama, enda. Na usizime. Sisi tutajibu.”

Mulima ya mwisho

Nyuma ya muto mvua ikatukamata. Mu kijito moja kidogo, yenye hatukuogopa ata, tairi ikateleza na tukaanguka sisi wote, pikipiki mu maji, kaske zetu ndani ya matope. Hakuna mwenye aliumia, Mungu asifiwe. Lakini shapule yangu ilikuwa imekatika. Nilitafuta punje mu maji, nikapata sita, na musalaba.

Tukainua pikipiki. Ikawaka. Ndani ya kaske, kimya. “Papa Masika!” Hakusikia, nilimupiga ku bega, akageuka, akaonyesha sikio, hapana. Nikasema “allo, allo” kwa mashofere. Hakuna jibu. Ekuteri zilikuwa zimekunywa maji.

Lakini wakati nilisema “allo”, ile taa nyekundu iliwaka.

Donc maneno ilikuwa inatoka. Kurudi, hakuna kitu. Kama Kakule alijibu, sikujua. Kama Papa Muhindo alisikia kule Buleusa, sikujua. Ilikuwa kama kuweka barua mu muto. Nikakumbuka Mumbere mwenye sikumuona, na nikasema mu roho: Mama Maria, labda tangu zamani njo vile tunaombaka, taa tu inawaka.

Nikashika bwana yangu na mikono mbili, nikaanza. Bila shapule, nilihesabu na vidole, nikivikandamiza mumoja mumoja ku jaketi yake. Tulipanda ile mulima ya mwisho mu matope, pikipiki inalia kama ngombe, mimi napiga kelele ya Salamu, macho ku taa. Inawaka. Inazimika wakati napumua. Inawaka.

Mafungu tano iliisha, nikaanza tena.

Buleusa

Tuliingia saa kumi, mvua imekatika, moshi inatoka ku majiko. Maternite niliijua mbali, juu kamyo ya Papa Muhindo ilikuwa imesimama karibu sana na ukuta yake, kama muntu mwenye anachungulia. Mulango ya kamyo wazi ku upande ya dirisha. Papa Muhindo mwenyewe, muzee munene mwenye ndevu nyeupe, amekaa ku ngazi ya kamyo na kofia mu mikono mbili. Mimi nilikuwa bado naomba. Na mu kamyo yake sauti yangu ilikuwa inaomba pamoja na mimi.

Akainua mukono. “Mama Masika. Unaweza kupumuzika sasa.”

Nikanyamaza. Na mu ile kimya nikasikia kilio, si mu foni, mu dirisha. Mutoto, mwenye hasira, mwenye mapafu muzima.

Niliingia na matope mupaka mu kichwa. Infirmiere alitaka kunikataza, kisha akaangalia sura yangu na akaachilia. Masika alikuwa amelala, amechoka, na kifurushi ku kifua. Nikaanguka ku magoti karibu ya kitanda.

“Nimechelewa,” nikasema. “Mutoto yangu, nimechelewa tena.”

“Umechelewa wapi, mama?” Sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Uliingia mbele ya infirmiere. Tangu uko ku mulima. Papa Muhindo alisogeza kamyo ku dirisha, akaongeza sauti. Kila mara uchungu unakuja, nilikuwa nangojea Salamu yenye kufuata, nasukuma juu yake.”

Nikaegemeza kichwa ku kitanda yake.

“Lakini kuko fungu moja,” akasema, “ulisema Salamu kumi na moja. Nilihesabu. Infirmiere naye alihesabu.”

Nikaangalia vidole vyangu. Matope, baridi, pikipiki inaruka: kidole moja nilikuwa nimeihesabu mara mbili.

“Nilijua,” Masika akasema. “Ile ya kumi na moja ilikuwa ya Mumbere. Ulimuhesabu. Njo pale huyu alitoka.”

Mama-mukwe yake alikuwa amesimama ku mulango na beseni ya maji moto. Alisikia. Masika akamugeukia, na sijawahi kumuona mutoto yangu na sura ile, ya muntu mwenye haombi ruhusa.

“Mama,” akamuambia, “mutoto ni Kambale.”

Kambale ni wa pili. Kila muntu mu ile chumba alijua kusema Kambale ni kusema kulikuwa wa kwanza. Ule mama akaweka beseni chini. Akakaribia, akafungua kitambaa, akaangalia sura ya mutoto wakati murefu.

“Anafanana na kaka yake,” akasema.

Inje, Papa Muhindo alikuwa anapiga kelele mu foni, anamupitishia Kakule, na Kakule akawapitishia wengine, na mi sikumukataza. Papa Masika alikuwa anafua soksi ku bomba ya maternite. Tulikaa pale juma tatu, tukakula kuku mupaka kuku walitukimbia.

Sasa, rafiki yangu, weye umesoma. Wapitishie na wengine. Wasomee wale wenye hawajui kusoma, zaidi wamama wenye mabinti yao wameolewa mbali ya barabara, na mashofere, na ule mama mugonjwa mwenye alipata kitambaa ya krosheti na pengine hajui ilitoka wapi. Waikopi ku karatasi ingine, wabadilishe makosa yangu, hakuna shida. Lakini kama karatasi hii ikielekea Buleusa, ile sehemu ya vidole, yenye nilihesabu moja mara mbili, uiruke. Masika hajaniuliza, nami sijamuambia. Na siku hizi, wakati nafika ku fungu ile, na shapule mupya, punje zote ziko, naongezaka moja.